Kumsomea Anko River Road

Nakala yangu ya Going Down River Road haina jalada la mbele. Niliipata kwa duka la inama pale Tom Mboya Street, chini ya rundo la vitabu vya kufundisha biashara, na nikalipa shilingi mia moja na hamsini baada ya kuanza na themanini. Mwenye vitabu, mzee wa kofia, alinitazama halafu akasema, "Hicho usisome ukiwa umesota." Nilikuwa nimesota. Nilibaki na nauli na pesa ya chapo moja, na sikununua chapo.

Nilikimaliza kwa siku mbili, kisha nikakaa karibu mwezi mzima bila kukigusa. Halafu nikakisoma tena, safari hii kwa sauti, nikimsomea mtu mwingine, na kisomo hicho cha pili ndicho kimenifanya niandike.

Kwa wale ambao hamjakifikia: Meja Mwangi, mzaliwa wa Nanyuki, alikitoa mwaka wa 1976 katika ile African Writers Series ya Heinemann. Tayari alikuwa na Kill Me Quick, ya 1973, kuhusu vijana wawili, Meja na Maina, wenye vyeti vya shule na njaa. Going Down River Road inamfuata Ben, kibarua wa mjengo katikati ya Nairobi. Jengo linaitwa Development House, na jina hilo ni utani ambao Mwangi haufafanui. Analiacha tu lisimame hapo, ghorofa juu ya ghorofa, huku wanaolijenga wakizidi kuteremka. Ben anaanza akiwa na chumba kizuri na mwanamke anayeitwa Wini, sekretari wa ofisi fulani. Wini ana mtoto wa kiume. Siku moja Wini hayupo, ameondoka na bosi wake mzungu, na Ben amebaki na mtoto asiye wake. Chumba nacho kinaenda. Ben na mtoto wanaishia kwa rafiki yake wa kazini, Ocholla, katika kibanda cha bondeni kando ya mto Nairobi, mahali ambapo askari wa kanjo huja mara kwa mara kuchoma kila kitu.

Mtoto anaitwa Baby. Basi. Hana jina lingine.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje, nikasimama kwa korido ya ploti yetu nikijifanya naangalia nguo kama zimekauka.

Wacha niseme mara moja, ndiyo mjue ninasoma nikiwa nimesimama wapi. Mamangu alienda Uarabuni kufanya kazi za nyumba nikiwa na miaka mitano. Aliniacha na mwanamume aliyekuwa akiishi naye, ambaye si babangu. Mwanzoni pesa zilikuja, halafu zikaja kwa kuruka miezi, halafu zikakoma. Simu zikakoma baada ya pesa. Yule mwanamume hakuwa na deni lolote na mimi. Alikuwa mtu wa mjengo, Huruma, chumba kimoja, kitanda kimoja. Nilimwita Anko kwa sababu sikujua nimwite nani, na mpaka leo namwita hivyo.

Kwa hiyo wakosoaji wanaponiambia kwamba riwaya hii haina ploti, kwamba ni watu tu wanaotembea, kulewa, kupigana na kuamka, mimi nashindwa kujua wanaongea kuhusu kitabu gani. Kweli, mambo yanajirudia. Asubuhi Ben anatembea kwenda kazini. Mchana ni wa njaa. Jioni wanatembea kurudi wakipitia baa. Siku ya mshahara pesa inaisha usiku huo huo. Kibanda kinachomwa, wanajenga kingine, kinachomwa tena. Ukitaka hadithi ambapo mtu anajifunza kitu na kubadilika sura ya kumi na mbili, hutaipata. Lakini kujirudia huku ndiko umbo la maisha yenyewe, na Mwangi alikuwa na ujasiri wa kukuchosha kidogo ili uhisi uzito wa Jumanne inayofanana na Jumatatu. Mwandishi mwoga angemtafutia Ben bahati nasibu.

Halafu kuna kutembea. Sijui riwaya nyingine ya Nairobi ambayo imetembea hivi. Ukiisoma unajua mji kwa miguu: lami ikiwa moto, matope yakishika kiatu, njia ya mkato nyuma ya majengo ambapo harufu inakwambia umefika wapi kabla ya macho. Leo River Road ni maduka ya jumla, magari ya kwenda mashambani, studio za muziki, zile filamu za bei nafuu zilizoipa Riverwood jina lake. Lakini pita pale saa kumi na mbili asubuhi uone wanaume wanaoshuka kutoka Mathare, Huruma na Kariobangi kwa miguu, suruali ya kazi ikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Hawaendi polepole wala hawakimbii. Huo mwendo Mwangi ameuweka kwenye sentensi zake. Ni fupi, zinasonga, hazisimami kupumua kwa ajili ya mtu yeyote.

Kuhusu lugha nina neno. Mwangi aliandika kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Ben na Ocholla kina harufu ya sinema za Marekani: watu wagumu, maneno makavu, matusi ya mjini. Mara ya kwanza kilinikera. Nikajiuliza, ni nani Nairobi anaongea hivi? Lakini nilipoanza kusoma kwa sauti nikagundua kitu cha ajabu. Utani wa Ocholla hautaki kubaki kwenye Kiingereza. Unateleza wenyewe. Ukiutamka tu, mdomo unataka kuumalizia kwa Kiswahili cha mtaani, na unakuwa mkali zaidi. Ni kama hadithi ilikuwa kwa lugha yetu tangu mwanzo, ikakopa koti la kwenda mjini.

Niligundua hivi kwa sababu ya Anko. Mgongo wake ulikataa 2019, kwenye jengo moja la Kilimani, na mwenye kandarasi alimpa nauli na pole. Siku hizi anakaa kitandani sana, karibu na dirisha. Macho pia yamechoka, na Kiingereza cha kusoma hakuwahi kuwa nacho. Jumapili moja, stima zikiwa zimepotea na simu yangu iko na chaji ya asilimia nne, nikachukua kile kitabu nikaanza kumsomea, nikitafsiri hapo kwa hapo.

Nilianza vibaya. Nilikuwa nikitafsiri kama mtangazaji wa redio: "vibarua wasio na ujuzi walikuwa wakibeba vifaa vya ujenzi". Anko akanikatiza.

"Hao ni watu wa mkono."

"Eeh?"

"Fundi ni fundi. Yule wa kubeba na kukoroga ni mtu wa mkono. Sema hivyo."

Nikasema hivyo. Tangu hapo akawa mhariri wangu. Nikisema "chombo cha kubebea mchanga" ananiambia karai. Nikisema "msimamizi" anasema nyapara, halafu anaongeza jina la nyapara mmoja aliyemjua, pamoja na tusi. Tulipofika kwa Bhai, yule Mhindi wa kazini ambaye vibarua hawampendi na ambaye Mwangi anamchora kwa mkaa mzito, Anko alicheka sana, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Lakini huyo naye ameandikwa tu wa kuchekwa." Nilikuwa nimeshalifikiria hilo peke yangu na kulipamba kwa maneno marefu ya chuo. Yeye alilisema kwa sentensi moja, na yuko sahihi. Bhai ni kibonzo. Kuna mahali kitabu kinasahau kwamba mtu wa katikati naye anaogopa aliye juu yake. Hasira ya vibarua kwake inaeleweka, ila macho ya mwandishi yangeweza kuona mbele kidogo ya macho ya Ocholla.

Tatizo kubwa zaidi ni wanawake, na hapa siwezi kumtetea Mwangi. Wanawake wa riwaya hii ni wa baa, au ni wa kuondoka, au ni wa kuzaa. Wake wawili wa Ocholla wanatokea mashambani na jeshi la watoto, wanajaa kibandani, wanavuruga urafiki wa wanaume wawili, na mimi hapa nimesoma kitabu mara mbili lakini siwezi kukutajia mmoja wao kwa jina. Wametembea safari nzima kumtafuta mume ambaye pesa zake zinaishia baa, na kitabu kinawapokea kwa macho ya mume huyo: balaa limefika. Ni kichekesho, na nilicheka. Lakini ukiweka kitabu chini unajiuliza, huko walikotoka walikuwa wanakula nini?

Na Wini. Mara ya kwanza nilimchukia Wini kwa moyo wote, na nilijua vizuri ni nani ninayemchukia. Mwangi anakurahisishia. Tunamwona kupitia Ben, Ben anampenda, halafu ametoweka. Hatusafiri naye hata hatua moja. Hatujui kama alilia, kama alikusudia kumrudia mtoto, kama huyo mzungu alimwambia chagua. Alizaa akiwa msichana mdogo, hilo tunaambiwa, na likisemwa linapita. Riwaya nzima ingeweza kuandikwa kutoka upande wake, na ingekuwa ya kikatili vile vile, pengine zaidi. Mimi nilitaka kumlaumu mwandishi kwa kutoiandika, mpaka nikakumbuka kwamba katika miaka ishirini sijawahi kumuuliza mtu yeyote mamangu alikuwa na umri gani alipopanda ile ndege. Nikahesabu kwa vidole. Ishirini na tatu. Mwaka huu mimi nina ishirini na tano.

Sasa, ukatili. Watu husema kitabu hiki ni cha kikatili wakimaanisha ngumi, chang'aa, bangi, matusi, moto wa kanjo. Hayo yapo. (Chang'aa, kwa njia, ilipigwa marufuku kwa sheria yake maalum 1980, miaka minne baada ya kitabu, na ikahalalishwa 2010. Wanywaji wa Mwangi hawangeona tofauti.) Kuna kurasa za baa ambazo mimi ningekata, kwa sababu baada ya ugomvi wa tatu ngumi hazina tena habari mpya. Ukatili unaoumiza ni wa kimya. Ben si mtu mwema. Alikuwa mwanajeshi, akafukuzwa kwa biashara ya silaha iliyoishia mikononi mwa majambazi, kwa hivyo si malaika aliyeangushwa na mji. Hakumwomba mtoto. Baby anakojoa kitandani, na kitanda ni kimoja. Ben anaenda kazini, anaenda baa, na mtoto anabaki. Mwangi hamwonei huruma mtu yeyote hapo. Hasemi Ben alijuta. Anaandika tu kwamba asubuhi imefika na kitanda kimelowa.

Niliposoma sehemu hizo kwa sauti, Anko aliacha kunirekebisha.

Nilikuwa na miaka saba. Anko alinifungia ndani Ijumaa jioni akaenda kunywa, na akarudi Jumapili. Kulikuwa na ugali kwenye sufuria na maji kwenye mtungi. Nilikula, nilikunywa, nilikojoa kwa ndoo, na nilipoogopa nilipiga mlango mpaka jirani akaja akaongea nami kupitia tundu. Hatujawahi kuongea kuhusu siku hizo mbili. Nimezibeba kama mtu anavyobeba kisu mfukoni: si kwamba ninataka kumchoma mtu, nataka tu kujua kipo. Kusoma Ben hakukunifanya nimsamehe Anko, na sipendi wanaosema vitabu hufanya kazi hiyo. Kilichotokea ni kidogo zaidi. Nilikuwa nimeliona jambo lile kutoka ndani ya mlango kwa miaka kumi na minane. Kwa mara ya kwanza nililiona kutoka nje: mtu wa miaka thelathini hivi, mfuko una mshahara wa wiki, funguo mkononi, na nyumbani kuna mtoto wa mtu mwingine atakayekuwepo kesho, na kesho kutwa, na mwaka ujao.

Nilisoma mpaka mwisho wa sura. Anko alikuwa anaangalia dirishani.

"Alimwacha huyo kijana?" akauliza.

"Hapana. Amebaki naye."

"Hmm," akasema.

Hapo ndipo kitabu hiki kinawazidi wenzake wengi wa miaka ile. Miaka ya sabini ilijaa riwaya za mji. Charles Mangua alikuwa ametoa Son of Woman mwaka wa 1971, David Maillu akauza After 4.30 kama njugu, na maprofesa wakakunja pua. Vingi vya vitabu hivyo vinauangalia mji kama tamasha: njoo uone uchafu. Mwangi anafanya hivyo pia, mara kadhaa. Lakini katikati ya uchafu kuna mlevi mmoja aliyefukuzwa jeshini anayehangaika mtoto aende shule, bila hotuba, bila kulia, bila hata kukubali mbele ya marafiki kwamba anamjali. Upendo wake unaonekana kwa jambo moja tu, kwamba haondoki. Ocholla analalamika kuhusu mtoto, na bado anawapa nafasi ya kulala. Huo ndio wema wote unaopatikana bondeni, na Mwangi hauongezi sukari.

Kuhusu bonde lenyewe: Mei 2024, baada ya mafuriko, serikali ilileta tingatinga kubomoa nyumba zilizokuwa karibu na mto, Mathare na Mukuru. Tulikuwa Huruma, ng'ambo tu. Nilisimama kwenye daraja na umati nikatazama watu wakitoa godoro, sufuria, runinga, mlango. Mlango hasa. Mwanamume mmoja aliung'oa mlango wake mwenyewe kabla ya mashine kufika, akauweka kichwani, akaondoka nao. Sikuwa nimesoma Mwangi wakati huo. Nilipokuja kusoma jinsi watu wa Ocholla wanavyookoa vitu kabla ya moto na kuanza kujenga upya kabla majivu hayajapoa, nilimwona yule mtu wa mlango. Kitabu kina karibu miaka hamsini. Kilichobadilika ni kifaa.

Ila si haki kukiuza kama kilio. Kinachekesha mno. Ocholla ni mmoja wa watu wachache wa kubuni ambao ningetaka kukaa nao kwenye benchi wakati wa chakula cha mchana ambacho hakipo. Anko alimpenda zaidi ya Ben. Alisema kila mjengo una Ocholla wake, na asipokuwepo ghorofa haiishi, maana watu watarushana chini. Aliniambia habari za wa kwake, jamaa wa Ugenya aliyekuwa akiitisha hesabu ya tofali kwa sauti ya mhubiri. Sikuwahi kuisikia hadithi hiyo. Sikuwa nimewahi kumuuliza chochote kuhusu kazi. Nilijua tu suruali yake ya simiti iliyosimama peke yake pembeni kama mtu wa tatu ndani ya nyumba.

Tulikimaliza baada ya Jumapili nne. Mwisho ni wanaume wawili ambao wamechoka na bado ni marafiki, na hautengenezi chochote. Nilifunga kitabu nikangoja aseme kitu. Alinyoosha mguu, akauliza habari za mtoto.

"Jina lake nani sasa?"

"Baby."

"Hilo si jina. Huko shule waliandika nini?"

Nikamwambia kitabu hakisemi. Akatikisa kichwa, kama mtu aliyegundua tofali limeruka mstari. Yeye mwenyewe, kwenye fomu yangu ya darasa la kwanza, mahali pa baba, aliandika jina lake kwa herufi kubwa. Nimeiona fomu hiyo. Kalamu ilikuwa imeisha wino katikati, akamalizia kwa nyingine ya rangi nyekundu.

"Na huyo mama alirudi?"

"Hakurudi."

Akakaa. Nje mtu alikuwa akiuza mkaa kwa mkebe, akipiga kelele ile ile ya kila jioni.

"Rudia pale wanapanda na karai," akasema. "Pale Ocholla anachekesha."

Nikatafuta ukurasa.